Kona ya Maziwa

Husema kuteleza si kuanguka.
Mimi niliteleza, halafu nikaanguka,
vyote viwili, kwa mpangilio huohuo,
saa moja na robo asubuhi, chini kidogo ya Sotaquirá,
pale lori la Anselmo linapopakia madebe
na maziwa yaliyomwagika hulala barabarani
meupe, membamba, hayana haraka.

Neno langu la kwanza halikuwa Mungu wala mama.
Nilisema: baiskeli.
Anselmo akaninyanyua kama gunia la viazi,
akanifunika joho lake la sufi linalonuka ng'ombe,
akaniuliza jina, siku, na umri.
Umri nilimdanganya.
"Basi kichwa ni kizima," akasema.

Nyumbani dada yangu Edilma
akanichokoa changarawe gotini kwa kibano cha nyusi
akihesabu kwa sauti. Alifika kumi na tisa.
Akaninywesha maji ya moto ya sukari guru, jibini ikiyeyuka ndani,
na kila funda akauliza ninakimbizwa na nani
hata mwanamke wa miaka hamsini na mbili
avae kaptura ya kubana auwahi mlima.
Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na paja lililopiga zambarau.

Siku tatu baiskeli ilisimama imeelekea ukutani,
nami kitandani vivyo hivyo.
Tulinuniana.

Siku ya nne nikaipindua, miguu juu,
kwenye meza ya kukatia vitambaa.
Mimi ni mshonaji; najua kukagua kilichochanika.
Nikazungusha gurudumu la mbele: linapita, linapita,
kisha linaparuza breki, tss, kila mzunguko,
kama cherehani yenye sindano iliyopinda.
Usukani umetazama kushoto, gurudumu limetazama mbele,
mfano wa mtu anayemsalimia asiyempenda.
Kiti kimechubuka upande uleule niliochubuka mimi.
Kofia: ufa mmoja, mwembamba kama unywele,
nyuma ya mahali pa sikio.
Niliiweka chini taratibu.
Nikakaa.

Fundi wa Paipa ni msichana, Yurany,
ana grisi mpaka kwenye hereni.
Akafungua kipande kidogo cha aluminiamu
kinachoshikilia gia za nyuma,
kimepinda kama kijiko cha mtoto.
"Hiki kimeumbwa dhaifu makusudi," akasema,
"kipinde chenyewe, fremu isivunjike.
Bei yake ni kuku wawili."
Nikamuuliza, na kwangu mimi, kipo wapi?
Akanitazama kiwiko, akanitazama goti,
akarudi kwenye kazi yake.

Kisha akatoa sarafu, akaanza kuibishia fremu hodi,
ti, ti, ti, sikio ameliinamisha,
akitafuta mahali patakapojibu kwa sauti nzito,
maana nyuzi zikikatika ndani
rangi ya juu hubaki inacheka.
Nyuzi? nikauliza.
Nyuzi, akasema. Kaboni hufumwa
kama nguo, ndipo ikatiwa gundi.

Miaka thelathini nawakatia watu suti,
na sikujua kwamba nateremka milima
juu ya kitambaa.

Ti, ti, ti.
Kizima.

Jumamosi nilirudi kwenye ile kona.
Sitasema sikuogopa.
Vidole vilikuwa juu ya breki tangu kilomita mbili nyuma,
na Anselmo, bila kuambiwa na mtu,
alikuwa ameyamwagia maziwa yake majivu ya jikoni,
mkeka mzima wa majivu, kijivu juu ya lami.
Nikashuka hata hivyo.
Nikaikokota baiskeli kwa mkono mmoja,
vyuma vya nyayo za viatu vikibisha barabara,
ti, ti, ti,
nami nimeinamisha sikio.

Mbele ya kona nikapanda tena.
Goti lilikuwa na maoni yake.